Kilele cha 288: Kutafuta Bondi ya Kobalti na Kaboni kwa Hadubini ya Eksirei

Walimu wetu, shikamooni. Watafiti wenzetu na wanafunzi, karibuni.

Tutazungumzia namna ya kutumia eksirei kujua kinachotokea pale maada mbili za tabia tofauti zinapogusana ndani ya nanomaada mseto. Tutashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana mbinu hizi zikielezwa kijumla hubaki maneno matupu. Mfano wenyewe ni chembe za oksidi ya kobalti, Co₃O₄, zilizooteshwa juu ya karatasi za grafini, yaani tabaka jembamba mno la atomu za kaboni, iliyotiwa naitrojeni.

Mwaka 2011 kundi la Hongjie Dai katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilionyesha kwamba mseto huu unaichochea oksijeni kupokea elektroni, kazi inayohitajika katika seli za fueli, kwa kiwango kinachokaribia platinamu ndani ya mmumunyo wa alkali, tena kwa kudumu zaidi. Oksidi ya kobalti ikiwa peke yake ni kichocheo dhaifu cha kazi hiyo, na oksidi ya grafini peke yake vilevile. Nguvu iliyopatikana haikutoka upande huu wala upande ule; imezaliwa mpakani. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga ambako Kiswahili husemwa kila siku, hatuoni sababu ya swali hili kujadiliwa kwa lugha nyingine tu.

Swali ni hili: je, kobalti imefungamana na kaboni kwa bondi ya kikemia, kwa kupitia oksijeni au naitrojeni, au chembe zimelala tu juu ya karatasi kama vumbi lilivyolala juu ya meza? Hadubini ya elektroni itaonyesha chembe ziko wapi na zina ukubwa gani. Mtawanyo wa eksirei utasema fuwele ni ya aina gani. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojibu moja kwa moja kama elektroni zimehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Spektroskopia ya ufyonzaji wa eksirei, yaani kupima jinsi eksirei za kila nishati zinavyofyonzwa, inajibu, kwa masharti ambayo ndiyo hasa tumekuja kuyaeleza.

Elektroni za ndani za kila atomu zimeshikwa kwa nishati maalumu ya elementi yake. Kwa kaboni ni karibu elektrovolti (eV) 284, kwa naitrojeni 410, kwa oksijeni 543. Kwa ganda la pili la kobalti kuna kingo mbili, 778 na 793. Mwali ukifika nishati hiyo, ufyonzaji unaruka ghafla. Mruko huo ndio ukingo. Karibu na ukingo hutokea vilele vyembamba, kwa sababu elektroni hairushwi nje ya atomu bali inapandishwa kwenye obiti iliyo tupu. Obiti tupu ndizo za kwanza kubadilika atomu inapofungamana na jirani yake, kwa hiyo vilele hivyo hubeba habari za ujirani.

Kwa kaboni ya grafini, kilele cha kwanza kiko karibu na 285.4 eV, ni elektroni iliyopanda kwenye obiti ya pai inayosimama wima juu ya karatasi. Kingine chenye ncha kali kiko karibu na 291.7, cha obiti ya sigma iliyolala ndani ya karatasi. Katikati ya hivyo viwili kuna uwanda wenye msongamano mkubwa: karibu na 286.7 husomwa hidroksili na epoksi, 287.5 hadi 288 bondi za kaboni na hidrojeni, 288.5 kaboksili, na 290.3 kabonati. Kundi la Stanford liliona kwamba baada ya kobalti kuoteshwa, kilele kilicho karibu na 288 kiliongezeka, na likasoma humo uwezekano wa bondi za kobalti na kaboni zinazopitia oksijeni na naitrojeni. Usomaji huo una mashiko, hasa kwa kuwa mapishi ya mseto huu huipunguzia grafini oksijeni, kwa hiyo ungetegemea eneo la 288 lishuke.

Sasa tazameni uzito wa jambo. Atomu nyingi za kaboni ndani ya mseto haziigusi kobalti kabisa, kwa hiyo ongezeko la kweli ni dogo. Na karibu kila kosa la kawaida la kipimo hiki, sampuli nene, uchafu wa mafuta, mwali uliozidi, mwelekeo wa karatasi usiozingatiwa, huongeza kitu palepale, kwenye 288, au hupunguza kilele cha 285 kiasi kwamba 288 inaonekana imepanda. Mtafiti asiyeyajua hayo atapata ushahidi wa bondi kila atakapoutafuta, hata pale bondi isipokuwepo. Hotuba yote iliyobaki inahusu kuyaondoa makosa hayo moja baada ya jingine.

Chombo chenyewe kwanza. Tunatumia hadubini ya eksirei laini, yaani zenye nishati ndogo, inayopitisha mwali mwembamba ndani ya sampuli na kuhesabu fotoni zinazotokea upande wa pili. Zipo kwenye sinkrotroni, yaani mitambo mikubwa inayozungusha elektroni ili zitoe eksirei, kama Advanced Light Source ya Berkeley na Canadian Light Source ya Saskatoon. Kioo cha kawaida hakikusanyi eksirei laini, hufyonza zote. Badala ya lenzi kuna bamba la pete, yaani pete nyingi za metali zenye kitovu kimoja, zinazozidi kuwa nyembamba kadiri zinavyokwenda nje. Upana wa pete ya mwisho ndio huamua ncha ya mwali: pete ya nanomita (nm) 25 hutoa doa la karibu nm 30.

Hesabu moja ya bamba hili lazima kila mtumiaji aijue. Umbali wa kitovu, yaani kutoka kwenye bamba hadi pale mwali unapokusanyika, ni kipenyo cha bamba mara upana wa pete ya nje, gawanya kwa urefu wa wimbi. Bamba la kipenyo cha maikromita 240 lenye pete ya nje ya nm 25 lina kitovu cha milimita 1.38 kwenye 285 eV, ambako urefu wa wimbi ni nm 4.35. Kwenye 778 eV, ukingo wa kobalti, kitovu kinasogea hadi milimita 3.76. Maana yake, kila nishati inapobadilika, bamba lazima lisogee, na likisogea haliendi kwenye mstari mnyoofu kabisa. Picha huyumba pembeni kwa makumi au mamia ya nanomita. Hadubini nzuri hushika sampuli kwa interferometa ya leza, kifaa cha kupima misogeo midogo mno, ili kurekebisha myumbo huo, lakini usiutegemee mtambo peke yake. Picha zitapangwa upya baadaye kwenye kompyuta. Kina cha ulengaji nacho kwenye ukingo wa kaboni ni kama nusu maikromita tu, kwa hiyo karatasi iliyonyanyuka itakuwa nje ya ncha hata kama jirani yake imelengwa sawasawa.

Kati ya bamba na sampuli kuna kitundu cha maikromita 50 hadi 60 kinachozuia miali isiyokusanywa. Kwenye ukingo wa kaboni kitundu hicho hukaa kama robo milimita kutoka kwenye sampuli. Fremu iliyobandikwa kwa kupinda, au utepe wa gundi ulioinuka pembeni, hugonga kitundu, na zamu nzima huishia kwenye matengenezo. Bandika fremu bapa, kisha itazame kwa ubavu kabla ya kuikabidhi.

Tuje kwenye sampuli, maana hapa ndipo majaribio mengi hufa kabla mwali haujawaka. Chukua miligramu moja ya unga wa mseto, weka kwenye mililita moja au mbili za ethanoli safi au maji yaliyosafishwa, itikise ndani ya bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 5 hadi 10. Ukizidisha sana, chembe zilizoshikamana vibaya zitabanduka kwenye karatasi, nawe utakuwa umebadilisha kile unachokuja kukipima. Dondosha maikrolita moja kwenye dirisha la nitridi ya silikoni lenye unene wa nm 50 au 100, funika kwa kisahani cha kioo, acha likauke lenyewe. Tone likikauka huacha pete nene pembeni na sehemu nyembamba ndani. Unayoitafuta ni ile ya ndani. Angalia kwa hadubini ya kawaida: karatasi zinazofaa ni kijivu hafifu mno. Kinachoonekana cheusi ni kinene mno, kiache.

Unene unafaa kiasi gani? Tunapima densiti ya ufyonzaji, yaani logi asilia ya fotoni zilizoingia kugawanywa kwa zilizotoka. Kaboni ya nm 100 hutoa densiti ya karibu 1 juu ya ukingo, na hapo ndipo pazuri. Ikifika 3 kwenye kilele, fotoni zinazopita ni asilimia 5 tu, na mwanga wowote wa kigeni unaofika kwenye detekta bila kufyonzwa utaharibu hesabu. Tuseme mwanga huo ni asilimia 2 ya ule halali. Densiti ya kweli ya 3 itasomwa 2.68, pungufu ya asilimia 10 na zaidi. Ya kweli ya 1 itasomwa 0.97, pungufu ya asilimia 3. Kilele kirefu cha 285 kimekatwa kichwa, kifupi cha 288 hakikuguswa sana. Ukisha kuzilinganisha kwa uwiano, 288 imepanda, nawe huna bondi yoyote mkononi. Una sampuli nene.

Mwanga huo wa kigeni unatoka wapi? Sehemu kubwa ni wa oda ya pili: monokromata, yaani kifaa cha kuchagua nishati ya mwali, iliyopangwa kutoa 285 eV hupitisha pia kidogo cha 570 eV. Dawa yake inayotumika sana kwenye ukingo wa kaboni ni chujio la gesi ya naitrojeni ndani ya bomba la mwali. Naitrojeni hufyonza kwa nguvu kila kilicho juu ya 410 eV na kuiachia njia 285. Uliza kama chujio limefunguliwa kabla ya kuanza, usidhani. Na kwenye ukingo wa naitrojeni chujio hilohilo lazima liondolewe, la sivyo spektra yako, yaani mchoro wa ufyonzaji kwa kila nishati, itakuwa ya bomba.

Hilo la naitrojeni lina mtego mwingine unaowanasa wengi. Dirisha la nitridi ya silikoni lina naitrojeni tele, na wewe unatafuta asilimia chache tu ndani ya grafini. Kwa ukingo huo tumia wavu wa shaba wa hadubini ya elektroni wenye utando wa kaboni uliotoboka, na pima mahali karatasi ya grafini imevuka tundu bila kitu chini yake. Huko unaweza kutofautisha naitrojeni ya ukingoni mwa karatasi, aina ya piridini, yenye kilele kati ya 398 na 399 eV, na ile iliyochukua nafasi ya kaboni katikati ya karatasi, karibu na 401.

Uchafu nao una sura zake. Oksidi ya grafini ikitengenezwa kwa njia ya Hummers hutumia pamanganeti ya potasi, na ukiosha haraka haraka potasi hubaki. Kingo za potasi ziko jirani na kaboni: utaona vilele viwili vikali karibu na 297 na 300 eV. Haviigusi 288, lakini ukisawazisha spektra zako kwenye 300, yaani ukizifanya zilingane urefu hapo ili zilinganishwe, umezisawazisha kwa potasi. Osha tena, na sawazisha kati ya 315 na 320. Mafuta na silikoni kutoka kwenye glavu, vifuniko vya plastiki na visanduku vyenye gundi laini ni hatari zaidi kwa sababu huleta bondi za kaboni na hidrojeni, hapo hapo karibu na 288. Tumia koleo safi na visahani vya kioo. Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni dirisha tupu lililopitia kila hatua, pamoja na tone la ethanoli isiyo na mseto, likapimwa kama sampuli nyingine. Likionyesha kilele cha kaboni, shughulikia kwanza hilo.

Spektra ya fotoni zinazoingia ina utata wake. Vioo vya mkondo wa mwali hujipaka kaboni kwa miaka, hivyo mwali wenyewe hupungua kati ya 285 na 290 kabla haujafika kwa sampuli. Kwa hiyo fotoni zilizoingia hupimwa kupitia sehemu tupu ya dirisha lilelile, ndani ya picha ileile, siyo asubuhi na kutumiwa jioni. Kila mfululizo wa picha uwe na kona tupu. Ukichagua eneo lililojaa sampuli kote, umejifungia mlango. Na mhimili wa nishati usiuamini bila kuuhakiki: ingiza gesi kidogo ya dioksidi ya kaboni na soma kilele chake cha 294.96 eV. Mwachano wa 0.3 eV unatosha kukufanya uite kaboksili kitu kisicho kaboksili.

Kuna jambo la mwelekeo ambalo, kwa maoni yetu, halipewi uzito unaostahili. Obiti za pai zinasimama wima juu ya karatasi, na mwali unaopiga karatasi iliyolala kwa pembe mraba una uga wa umeme ulio ndani ya karatasi. Hapo kilele cha 285 hudhoofika. Karatasi ikikunjika, sehemu yake husimama na kilele hupanda. Kwa hiyo uwiano wa 288 kwa 285 hubadilika ndani ya karatasi moja isiyo na kobalti hata chembe, kwa sababu ya mkunjo tu. Na chembe za kobalti hupenda kuota kwenye mikunjo! Ukipima eneo moja tu, huwezi kuyatenganisha haya mawili. Pale penye anduleta, yaani safu ya sumaku inayozalisha mwali, inayoweza kugeuza mwelekeo wa uga, pima eneo lilelile kwa mielekeo miwili inayokatana kwa nyuzi 90. Pale pasipo nayo, pima maeneo mengi, yaliyolala na yaliyokunjika, yenye kobalti na yasiyo nayo, ndipo ulinganishe yaliyolala kwa yaliyolala.

Kipimo kikuu ni mfululizo wa picha: picha moja kwa kila nishati. Kwa kaboni tunaanza 278 kwa hatua za 1 eV hadi 283, kisha 0.1 eV hadi 290, 0.25 hadi 296, na 1 eV hadi 320. Ni kama picha 120. Picha ya pikseli 100 kwa 100, milisekunde moja kwa pikseli, huchukua sekunde 10. Mfululizo wote dakika 20 za mwali, na kama 40 ukijumlisha miendo ya mtambo.

Dakika hizo zina gharama kwa sampuli, na inafaa gharama hiyo ihesabiwe kabla. Chukua fotoni milioni 5 kwa sekunde kwenye pikseli ya nm 30 kwa 30, kaboni ya unene wa nm 100 na densiti ya ufyonzaji 1. Zinazofyonzwa ni asilimia 63. Kila moja huacha 285 eV. Kwa milisekunde moja nishati inayobaki ni kama 1.4 × 10⁻¹³ jouli, na maada inayoipokea, tukichukua gramu 2 kwa sentimita ya ujazo, ni 1.8 × 10⁻¹⁹ kilo. Jibu ni karibu megagrei 0.8 kwa picha moja; grei ni kipimo cha dozi, jouli moja kwa kila kilo. Kwa picha 120 ni megagrei 96. Plastiki ya akriliki huharibika baada ya makumi ya megagrei. Polistirini huvumilia zaidi ya mara kumi ya hapo, kwa sababu pete zake za benzini hutawanya nishati. Grafini yenyewe ni ngumu kama polistirini au zaidi. Makundi ya oksijeni yaliyoning'inia juu yake siyo. Yanang'oka, mengine yanageuka, na eneo la 286 hadi 289 linabadilika wakati unapolipima. Kobalti nayo hubadilika: ile ya chaji +3 hupokea elektroni na kuwa +2.

Utaratibu tunaoutetea ni huu. Piga picha moja kwenye 288.5 eV kwa mwali dhaifu kabla ya mfululizo, rudia picha hiyohiyo baada ya mfululizo, kisha toa moja kwa nyingine. Badiliko likizidi asilimia 5, data ile ni ya sampuli iliyoungua. Punguza muda wa pikseli, panua doa kwa kulisogeza bamba nje ya ulengaji, au punguza idadi ya nishati. Kati ya 296 na 320 unaweza kuondoa nusu ya picha bila hasara kubwa. Na usitafute eneo zuri kwa kulimulika kwenye 288. Tafuta kwenye 280, chini ya ukingo, ambako kaboni hufyonza kidogo sana.

Picha zikishapatikana, kazi hufanywa kwa programu kama aXis2000, iliyoandikwa na kundi la Adam Hitchcock wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, au Mantis. Panga picha zikae sawa juu ya nyingine, geuza kuwa densiti ya ufyonzaji kwa kutumia kona tupu, ondoa usuli wa kabla ya ukingo, sawazisha. Kisha kila pikseli inaelezwa kama jumla ya spektra rejea kwa viwango tofauti. Rejea ndizo roho ya hoja: grafini yenye naitrojeni bila kobalti, oksidi ya kobalti bila grafini, mseto wenyewe, na mchanganyiko wa mkono, yaani zile mbili za kwanza zilizochanganywa ndani ya ethanoli kwa uwiano uleule wa mseto, bila kuoteshwa. Huo mchanganyiko wa mkono unapitia kila kosa la kipimo ambalo mseto umepitia, isipokuwa bondi. Karatasi ya utafiti isiyokuwa nao hatuoni inawezaje kudai chochote kuhusu mpaka.

Hapa ndipo hadubini inapoizidi spektroskopia ya unga mzima. Tengeneza ramani ya kobalti kwa kutoa picha ya 774 eV kwenye ile ya kileleni karibu na 779. Tengeneza ramani ya ziada ya 288, yaani kile kinachobaki baada ya kuondoa mchango wa grafini rejea. Chora thamani za pikseli za ramani moja dhidi ya nyingine. Uchafu wa mafuta utatanda kila mahali, penye kobalti na pasipo. Kuungua kutafuata ramani ya mwali. Mkunjo utafuata unene. Bondi peke yake ndiyo itakayopanda pamoja na kobalti hata baada ya kulinganisha unene sawa kwa unene sawa, na ambayo haitaonekana kwenye mchanganyiko wa mkono.

Kumbukeni tu mipaka ya doa. Chembe za mseto wa 2011 zilikuwa na nm 4 hadi 8. Pikseli ya nm 30 inabeba kadhaa kwa pamoja. Unachopima ni wastani wa ujirani, siyo chembe moja. Taikografia ya eksirei, ambayo hujenga picha kutoka mitawanyo mingi inayopishana badala ya kutegemea ncha ya bamba, huteremka chini ya nm 10. Nayo huhitaji mwali ulio mshikamano zaidi na huongeza dozi, kwa hiyo kwa swali hili ni hatua ya pili.

Ushahidi wa kaboni usisimame peke yake. Bondi ya kweli ina pande mbili, na elektroni zilizoondoka kaboni lazima zionekane zimefika. Ndivyo ilivyoripotiwa 2011: sambamba na ongezeko la 288, nafasi tupu za obiti 3d za kobalti zilipungua kwenye kingo zake, na kilele cha oksijeni kinachotokana na mchanganyiko wake na kobalti, karibu na 530 eV, kilipungua pia. Kingo tatu zikisema lugha moja, hoja inasimama. Ukiona kaboni imebadilika na kobalti haikutikisika, rudi kwenye orodha ya makosa. Ukipima kobalti, tahadhari na bariamu, ambayo ukingo wake wa M, yaani wa ganda la tatu, uko karibu na 781 eV na huweza kujifanya kobalti ya +3.

Wapo wasioweza kufika kwenye hadubini ya eksirei laini mwaka huu wala ujao. Kazi kubwa ya awali inafanyika kwa eksirei ngumu, yaani zenye nishati kubwa, na kituo kilicho karibu nasi kuliko vingi ni SESAME huko Allan, Jordan, kilichozinduliwa Mei 2017, chenye mkondo wa spektroskopia ya ufyonzaji unaofikia ukingo wa K wa kobalti, yaani wa ganda la kwanza, 7709 eV. Huko sampuli ni kidonge cha unga. Kwa kidonge cha kipenyo cha milimita 13 unahitaji miligramu 4 hadi 5 za kobalti ili mruko wa ukingo uwe karibu 1. Saga pamoja na nitridi ya boroni hadi miligramu 100, kwa kinu cha agati, mpaka rangi iwe sawa kote. Chembechembe kubwa zikibaki, mwali hupenya kandokando yake na mitetemo ya spektra hupungua urefu, nawe utaripoti majirani wachache kuliko waliopo. Kwa Co₃O₄ nzima utapata oksijeni kwenye angstromu (sehemu za kumi za nanomita) 1.92 na kobalti jirani kwenye 2.85 na 3.36. Chembe ndogo hupoteza majirani wa mbali kwanza. Kipimo hiki hakitakuonyesha kaboni, ila kitakuambia kama fuwele yako ndiyo unayoidhani, na hilo lazima lijulikane kabla ya kuomba muda kwingine.

Na muda huombwa kwa maandishi, kwenye vituo vingi mara mbili kwa mwaka, bila ada ya mwali kwa utafiti utakaochapishwa hadharani. Nauli ni suala jingine. Programu ya LAAAMP ya miungano ya kimataifa ya fizikia na ya kristalografia hugharamia jozi ya mwalimu na mwanafunzi wake. Wanaosoma maombi hutafuta hesabu, siyo ahadi. Andika swali moja linalojibika. Ambatanisha picha ya hadubini ya elektroni na spektra ya Raman, yaani ya mwanga wa leza uliotawanywa, ya sampuli zilezile, ili waone kwamba zipo tayari. Kisha onyesha muda: sampuli 4, kingo 3, maeneo 3 kwa kila moja, ni mifululizo 36, kwa dakika 40 kila mmoja ni saa 24, yaani zamu tatu za saa nane. Ongeza zamu ya nne kwa kulenga, gesi ya kuhakiki nishati, dirisha tupu na picha za kabla na baada. Mkiulizwa kwa nini zamu ya nne, wapeni sababu za 288.